Mgomba Uliovaa Suti

Josepha alikuwa anacheka peke yake katikati ya stendi ya Nyegezi, tena kwa sauti, asubuhi ambayo hakuna mtu mwingine aliyekuwa na la kuchekea. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, basi la Bukoba halijulikani liko wapi, na abiria walikuwa wamejibanza na mabegi yao, wamenuna. Yeye alikaa juu ya begi lake, gauni la bluu limelowa pindoni, kitabu magotini, anajifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

"Dada, kuna nini humo?" aliuliza kijana aliyesimama karibu yake, mrefu, shati la kitenge limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama.

"Watu wanakufa."

"Ndiyo unacheka?"

"Ukisoma utacheka na wewe. Jambazi kaua mwenzake, kamkalisha dirishani kwenye basi, kamvalisha miwani. Sasa konda anamgombeza marehemu kwa sababu hasemi anashuka wapi." Alimwonyesha jalada: *Maiti Haina Nauli*. "Huyu mwandishi ana wazimu, nakwambia. Wazimu wa kufungwa kamba."

"Kwa hiyo ni kitabu kizuri."

Josepha aliuza dawa katika duka moja la Butimba na alisoma kila kilichochapwa, hata vikaratasi vya ndani ya maboksi ya vidonge. Hakuwa mtu wa kusifia bure.

"Kizuri, ndiyo, lakini kina kasoro kubwa. Watu wanachinjwa humu kama kuku wa Krismasi, na hakuna hata mmoja mwenye mama. Hakuna anayeliliwa. Mtu akifa anageuka kichekesho, imeisha hiyo. Huyu mwandishi hajawahi kufiwa, uliza mtu yeyote."

Kijana aliacha kutabasamu. "Labda anaogopa kuandika kilio."

"Basi angesubiri akue." Akakigeuza kitabu amwonyeshe huyo asiyekua. Nyuma kulikuwa na picha ya mtu aliyevaa kofia ya pama. Akaitazama picha, akamtazama kijana, akairudia picha. "Mungu wangu!"

"Naitwa Masalu," alisema yule kijana. "Na kweli sijafiwa. Baba ninaye, mama ninaye, hata bibi ninaye kule Misungwi, anakula ugali ananizidi."

Josepha alitamani sakafu ya stendi immeze. Basi lilipoingia, Masalu ndiye aliyembebea begi hadi mlangoni, na namba ya simu ikatolewa bila kubembelezwa sana.

Simu zikaanza.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Ndizi."

"Nyie Wahaya! Asubuhi ndizi, jioni ndizi, halafu mnatuambia mmesoma."

"Na michembe yenu je? Mtu anatafuna viazi vikavu kama anatafuna kandambili, halafu anajiita mwandishi."

Masalu alikuwa na kundi la wasomaji wake kwenye simu, na walimtumia maoni usiku na mchana. Yeye alimrushia Josepha, na Josepha aliyahukumu. Huyu mkali lakini mkweli. Huyu anakupaka mafuta, usimsikilize. Huyu hakusoma, kasimuliwa. Masalu alikuwa akisema kwamba angempata mkosoaji wa namna hiyo mapema angekuwa tajiri, na Josepha alijibu kwamba angekuwa ameacha kuandika. Walipendana hivyo, kwa kutaniana, na kabla mwaka haujageuka Josepha alikuwa haanzi kazi bila kuisikia sauti yake.

Jumapili moja, wamekaa juu ya jiwe ufukweni Luchelele, Masalu alimuuliza kwa nini hataki kuingiza miguu majini. Josepha akamweleza lile ambalo Mwanza nzima hakumweleza mtu.

Mdogo wake, Cleophace, alikuwa amemaliza chuo cha ualimu na kupangiwa shule kwenye kisiwa kimoja cha Muleba. Mtumbwi ulipinduka. Wengine walipatikana. Yeye hakupatikana. Wazee wakasema mtu hawezi kuachwa bila kaburi, wakafanya kama inavyofanywa kwao mwili usipoonekana: walikata mgomba, wakauvika suti aliyoshona kwa ajili ya mahafali, wakaulaza jenezani. Mgomba una maji mengi. Njiani kuelekea kaburini jeneza likaanza kudondosha matone, na mama yake akakinga kiganja chini yake, akasema, "Mwanangu analia."

Masalu hakutania siku hiyo. Alimshika mkono mpaka jua likazama, na Josepha akajua kwamba huyu ndiye.

Masika yaliyofuata mambo yalikwenda haraka. Wajomba wa Masalu walishaambiwa, siku ya kupeleka posa Muleba, kwao Josepha, ilishapangwa, na kitabu kipya, *Suti ya Marehemu*, kilishatoka na kuanza kugombaniwa.

"Usikisome kwanza, mpenzi," Masalu alimwambia kwenye simu. "Njoo siku ya wasomaji, ukisikie ukumbini. Kuna zawadi yako humo."

"Umeniandikia mimi? Nimekufa ukurasa wa ngapi?"

"Hujafa. Njoo tu."

Alikwenda. Alivaa gauni jekundu la kitenge lenye mikono mipana, akasuka nywele upya, akaketishwa kiti cha mbele kama mke wa mtu. Ukumbi wa hoteli ulijaa, mvua inapiga bati, na wasomaji wakaanza kusimama mmoja mmoja kutoa maoni.

Masele, dereva wa lori kutoka Usagara, alisema alikisoma kwenye foleni ya mizani mpaka malori yote ya nyuma yakampita. Mzee Shimba, polisi mstaafu, alisimama kwa heshima zote. "Huyu askari wa kwenye kitabu ni mjinga kupita kiasi," alisema. "Niliwahi kufanya kazi naye." Ukumbi ukavunjika mbavu. Kisha akasimama Queen, msusi wa nywele, kucha ndefu za zambarau.

"Damu imezidi, kaka Masalu. Nilinawa mikono ndipo nikamshika mteja kichwa. Lakini pale wanapoiba jeneza! Naomba niwasomee."

Akasoma. Majambazi waliamini kwamba ndani ya jeneza kumefichwa dhahabu ya Geita. Wakalifunga juu ya bodaboda wakakimbia nalo, na tone likamwangukia dereva shingoni.

"'Mkuu, anavuja!'

"'Na wewe ungefungwa kamba juu ya bodaboda ungekuwa mkavu?'"

Josepha alicheka. Alicheka mpaka akapiga goti kwa kiganja. Queen akafungua ukurasa unaofuata.

"Walipofungua, hapakuwa na dhahabu. Palikuwa na mgomba, umevaa suti, tai imekazwa vizuri. Mkuu akavua kofia. 'Marehemu,' akasema, 'umekonda.'"

Watu walianguka kwenye viti. Masele alikuwa anapiga meza. Kicheko cha Josepha kilikuwa bado kiko mdomoni, na hakujua akipeleke wapi.

"Hawakujua," Queen aliendelea, huku naye anashindwa kujizuia, "kwamba tone la kwanza lilimwangukia mama. Alikinga kiganja, akasema, 'Mwanangu analia.'"

Wakacheka na hapo. Walishaanza, hawakuweza kuacha. Masalu, kule jukwaani, alikuwa amenyanyua mkono kama anataka kuwatuliza, na hakuna aliyemwona. Josepha alichukua mkoba wake, akapita katikati ya viti, akatoka mvuani na gauni lake jekundu.

Simu yake iliita njia nzima. Aliipokea akiwa kitandani, bado hajabadilisha nguo.

"Josepha, mpenzi, nisikilize."

"Sema."

"Uliniambia wafu wangu hawana mama. Ikaniuma, kwa sababu ni kweli. Huyu nikampa mama."

"Ulimpa mama yangu!"

"Nilitaka walie. Wallahi, mimi nilipoiandika nililia."

"Wamecheka, Masalu. Watu wazima, na akili zao timamu, wamemcheka mdogo wangu, na wewe ndiye uliyewapa. Nilikuambia wewe. Sikuiambia Mwanza."

"Nifanye nini?"

"Waambie wajomba zako wasiende Muleba."

Akakata. Lakini kuna jambo hakumwambia, na ndilo lililomnyima usingizi: kwamba alicheka na yeye. Tone lile lilikuwa la Cleo, na yeye alilicheka huku anajipiga goti. Alikuwa anamchukia Masalu kwa moyo wote, na kila alipomchukia alijikuta amekaa naye kwenye kundi moja.

Mji nao haukumpa nafasi. "Anavuja" likawa neno la mtaani. Bodaboda wa Butimba walilisema wakiona dumu bovu, makonda walilisema mvua ikipenya kwenye paa. Mteja mmoja aliingia dukani anapenga kamasi. "Dada, nipe dawa, navuja kama marehemu mwenye suti." Josepha alimpa dawa, akaingia stoo, akalia huku amejiziba mdomo kwa koti lake jeupe.

Halafu mama yake akapiga.

"Nasikia kuna kitabu," alisema Ma Evelina. "Mtoto wa jirani yetu Jovinary kanisomea kidogo. Aliyekiandika ndiye yule aliyetaka kuja?"

"Ndiye, Mama. Hatakuja tena."

"Nani kasema? Siku si imepangwa? Njoo naye. Wajomba wabaki, aje yeye. Na kitabu."

Walipanda basi moja, kiti kimoja, kama watu waliogombana kanisani. Masalu alivaa shati jeupe alilolishona kwa ajili ya posa, maana hakujua avae nini kingine. Walivuka daraja la Busisi, maji yametanda kijivu huku na huku, Josepha ameangalia viatu vyake.

"Mama atanifanya nini?" Masalu aliuliza baadaye sana.

"Sijui."

"Bado unanipenda?"

"Hilo ndilo tatizo," alisema Josepha.

Ma Evelina alikuwa amekaa kwenye mkeka sebuleni, mwanamke mwembamba, mjane, vitenge viwili vya kahawia vimefungwa vizuri. Kwao mgeni hupewa kahawa za kutafuna kabla hajaulizwa habari. Kikapu kilikuwepo pembeni yake. Hakukigusa.

"Shikamoo, Mama," alisema Masalu, ameinama hadi karibu na sakafu.

"Marahaba. Kaa. Soma."

"Mama, kwanza naomba..."

"Soma."

Akasoma. Nje migomba ilikuwa inapigwa na upepo, majani yanachanika. Maneno yaleyale yaliyoangusha ukumbi yalitoka moja moja, na hakuna aliyecheka. Alipofika kwenye kiganja cha mama, sauti ilikatika, akalazimika kuanza sentensi upya.

"Endelea. Walimfanyaje, hao wezi?"

"Walimtupa mtaroni, Mama."

"Mtaro wa wapi?"

"Barabarani. Pale Usagara."

"Na nani alikwenda kumwokota?"

Kitabu kilikuwa kimeendelea na msako wa dhahabu. "Hakuna," alisema Masalu.

Josepha hakuweza kuvumilia tena. "Mama, na mimi nilicheka!" Machozi yalimwagika kabla hajamaliza. "Nilikuwepo ukumbini. Nilicheka kama wao, kabla sijajua ni Cleo. Nilicheka, Mama."

Ma Evelina alimtazama binti yake. "Siku ya mazishi kuna waliocheka," alisema taratibu. "Niliwaona, wamejiziba midomo kwa kanga. Baba yako mdogo alijificha nyuma ya nyumba, mabega yanamtikisika, na yule alimpenda Cleo kuliko watoto wake. Mgomba kuvaa tai ni kichekesho. Ile tai niliifunga mimi, najua." Kisha akamgeukia Masalu. "Sina ugomvi na kucheka. Lakini mwanangu ziwa lilimchukua, likaninyima. Nikapata mgomba, nikauzika, nikasema angalau yuko pale, nikienda shambani namwamkia. Wewe ukamfukua mbele za watu, ukamtupa mtaroni, ukaenda zako. Sasa nikipita pale naona mtaro."

Masalu alikuwa analia waziwazi, kitabu kimemwanguka. "Nitaandika upya, Mama. Nitamrudisha."

"Na waliokwisha kusoma? Utawafuata nyumba kwa nyumba?"

"Siwezi."

"Huwezi. Basi simama." Ma Evelina alinyanyuka, akachukua panga nyuma ya mlango, akampa. "Umemfukua, umzike."

Aliwatangulia kibanjani, kwenye migomba nyuma ya nyumba, akauchagua mwenyewe mgomba mmoja mnene uliokwisha kukatwa mkungu. Masalu aliuangusha kwa panga. Kisha akachimba, kando ya kaburi la Cleophace, mpaka viganja vikachubuka. Hakuna aliyemsaidia, na hakuomba. Ma Evelina alirudi ndani akatoka na shuka jeupe, na Josepha akatambua kwamba ni shuka la kitanda cha Cleo. Waliuviringisha mgomba humo, mama na binti.

Masalu akaubeba begani. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani, akayumba. Utomvu ulipenya shuka ukamshukia kifuani, na shati lile jeupe likaanza kuchafuka. Utomvu wa mgomba hautoki hata uufue kwa sabuni gani, kila mtu wa kule analijua hilo, na Josepha aliyaangalia madoa yakitambaa, akasikia hasira yake yote na huruma yake yote zinapanda pamoja.

Akatoka pale aliposimama, akaingia nyuma yake, akaubeba ule upande wa pili. Matone yakamwangukia mkononi, ya baridi.

Walitembea hivyo, mmoja mbele, mmoja nyuma, mama yao akiwasubiri ukingoni mwa shimo.

"Josepha," alisema Masalu bila kugeuka. "Bado tunaoana?"

"Shika vizuri," alisema Josepha. "Utamwangusha."