Wali Usio na Mchele

Siku Elinaza alipokutana na mapenzi, alikuwa amesimama katikati ya soko la Kilombero akitafuta mboga asiyoijua sura. Alivaa ovaroli ya buluu iliyolowa mafuta ya gari mpaka kwenye kola, buti za kazi zenye chuma mbele, na uso wa mwanafunzi aliyeitwa kwa mwalimu wa nidhamu bila kuambiwa kosa.

Kosa lake alilijua. Asubuhi ile nesi alimtoboa kidole, akakitazama kipimo, akamtazama yeye, akakitazama kipimo tena.

"Baba, una sukari. Dawa hizi kila siku. Wali, ugali, chapati, ndizi, punguza sana."

Kumwambia Mmeru apunguze ndizi ni sawa na kumwambia mchungaji apunguze Jumapili. Nesi aliliona lile taya linavyoanguka, akamhurumia.

"Kuna watu wanakwaruza koliflawa, wanaipika kama wali. Jaribu."

Ndiyo maana sasa fundi springi mzima, mwenye mabega ya kubeba ekseli, alikuwa anamsalimia muuza mboga kwa sauti ya kuiba.

"Shikamoo, mama. Naomba koliflawa."

"Marahaba, baba," alisema Nalepo, mama mwenye meza ndefu na subira fupi. "Umechelewa. Wamama wa Njiro wamezisomba. Siku hizi wote wanapungua. Zimebaki hizo hapo mbele yako."

Elinaza alinyoosha mkono kwa ujasiri, akashika kabichi.

Nyuma yake mtu alicheka. Aligeuka, akamwona dada amevaa gauni la kitenge la njano, kilemba cha rangi hiyohiyo kimekaa upande kama kofia ya askari mtukutu, na kwapani amebana kiroba cha mchele wa Magugu.

"Kaka, hiyo ni kabichi. Koliflawa ni ile inayofanana na ubongo."

"Najua."

"Unajua, halafu umeshika kabichi?"

"Nilikuwa naisalimia."

Dada alicheka mpaka kiroba kikataka kumponyoka. Elinaza alikidaka, na kwa bahati mbaya, au nzuri, akadaka na vidole vyake.

"Na hiyo koliflawa ya nani? Wewe huna sura ya kula ubongo wa mboga."

"Ya bosi wangu," alisema Elinaza. "Mzungu."

Bosi wake alikuwa Mzee Stanley wa Marangu, ambaye hakuwahi kula kitu cha kijani isipokuwa kwa bahati mbaya.

"Basi mpelekee Mzungu wako. Mimi Hedwiga. Kibanda changu cha chakula kiko nyuma ya gereji zenu. Njoo ule wali. Wali wangu ukiula, unasahau jina la kijiji chenu."

Ndivyo Elinaza alivyompenda muuza wali, siku ileile aliyokatazwa wali. Hata bodi ya mitihani haina roho mbaya kiasi hicho.

Alikwenda kibandani kesho yake, na keshokutwa. Aliagiza mchicha na nyama, akasema tumbo linamsumbua. Alimtengenezea Hedwiga benchi lililokuwa likitikisika, kisha jiko, kisha mlango ambao haukuwa na ubovu wowote. Mwisho wakawa wapenzi, na jioni simu yake ililia kabla hajavua buti.

"Fundi wangu, umefika?"

"Nimefika, mpenzi."

"Umekula?"

Hapo moyo wa Elinaza ulidunda kama ekseli iliyolegea. "Nakula sasa hivi."

"Unakula nini?"

"Wa... wali."

"Wa nani?"

"Wako, kipenzi. Nitakula wa nani tena?"

Maana Hedwiga alikuwa amekwishaanza kumpa hotpoti. Kila jioni, lenye maua mekundu, limejaa wali wa nazi mpaka kifuniko kinalia. Kwake mapenzi hayakuwa maneno. Mapenzi yalikuwa ukoko aliomwekea kando ili wateja wasiuone.

Na kila jioni Elinaza alilibeba hotpoti mpaka kwenye chumba chake Kimandolu, akalikabidhi getini kwa Lerionka, mlinzi, mtu mzima wa mashuka mawili na rungu. Kisha akaingia jikoni, akafunga mlango, akakwaruza koliflawa kwenye kibati cha karoti, akaikaanga na kitunguu na kuila amesimama, kama mwizi.

Unaweza kuuliza, kwa nini asiseme tu? Elinaza mwenyewe alijiuliza kila asubuhi, akiwa ameketi pembeni ya beseni, akikagua vidole vya miguu kimoja kimoja, ameshika kioo ili aone nyayo.

Baba yake alikuwa na sukari. Kule Maji ya Chai, Elinaza akiwa bado wa kaptula, baba alipata kidonda cha kidole kisichouma. Kisichouma, wakakidharau. Kikala kidole, kikala mguu, na hospitali ikakata kilichobaki chini ya goti. Tangu hapo mama yake alimbeba mumewe mgongoni: chooni, juani, kanisani, miaka na miaka, mama mwembamba kama mti wa kahawa. Alitangulia yeye kufa. Siku ya mazishi, baba alilia akisema, "Nimemmaliza kwa uzito wangu." Elinaza aliyasikia maneno hayo, na hayakumtoka tena. Akaapa hakuna mwanamke atakayembeba.

Kwa hiyo aliogopa mara mbili. Aliogopa Hedwiga akijua atamkimbia. Na aliogopa zaidi kwamba akijua, hatamkimbia.

Miezi ikaenda. Elinaza akapungua, ovaroli ikamning'inia kama bendera siku isiyo na upepo. Lerionka akanenepa, akaanza kupumua kwa sauti akifungua geti. Gereji wakaanza kunong'ona, maana mjini kijana akikonda ana ugonjwa mmoja tu, na hautajwi. Mzee Stanley aliacha kunywea kikombe alichonywea Elinaza. Naye aliliona hilo.

Jumapili moja baada ya misa, Hedwiga alikuja Kimandolu bila kupiga simu. Gauni jeupe lenye mikono ya lesi, viatu virefu, marashi yaliyotangulia getini. Akamkuta Lerionka kwenye kigoda, hotpoti la maua mekundu mapajani, kijiko kinapanda na kushuka.

"Shikamoo, baba," alisema Hedwiga polepole.

"Marahaba! Ni wewe unayepika hii?" Lerionka aliinuka kwa furaha ya mtu asiyejua anachobomoa. "Ngai akubariki, mama. Tangu mvua za kwanza nakula. Ile ya Ijumaa ilikuwa na iliki kidogo, eh?"

Hedwiga alilichukua hotpoti. Lerionka alilishikilia kidogo, kisha akaliachia kwa uchungu wa dhati. Hedwiga akasukuma mlango wa jikoni, akamkuta Elinaza na kibati mkononi, koliflawa imetapakaa mezani kama theluji ya kule juu Meru.

"Mzungu wako kahamia hapa?"

"Hedi, ngoja..."

"Ningoje nini? Wali wangu anakula mlinzi! Ulitaka aonje kwanza, siyo? Uone kama ataanza kunifuata kama mbwa, ndipo ujue nimeweka limbwata?"

"Limbwata? Hapana, aisee! Haki ya Mungu..."

"Kwetu Rombo anayekukaribisha pombe anapiga funda la kwanza mwenyewe, ujue haina kitu. Ungeniambia, ningeonja. Tazama!" Alichota kijiko, akala wali mbele yake, akatafuna machozi yakimtiririka. "Sijafa. Sijaloga mtu. Nilikuwa nakupenda tu, mjinga mimi."

Elinaza alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, lenye silabi tatu, dogo kuliko msumari: sukari. Lakini alimwona mama yake mlangoni na mzigo mgongoni, neno likarudi tumboni.

Hedwiga aliondoka na hotpoti lake. Lerionka alilisindikiza kwa macho mpaka kwenye kona.

Simu Hedwiga hakupokea siku ile wala zilizofuata. Elinaza alifanya kazi kama mashine isiyo na dereva. Alhamisi alasiri, akivua buti nyuma ya gereji, aliona soksi ya kushoto imekuwa nyeusi. Akaivuta. Ilikuwa damu. Msumari ulikuwa umetoboa soli, ukaingia chini ya kidole kidogo, na inaelekea alikuwa ametembea nao tangu asubuhi.

Hakuwa amesikia kitu.

Aliukandamiza mguu kwa mikono miwili. Gereji nzima ilikuwa inagonga vyuma, lakini yeye alikuwa Maji ya Chai, mtoto, anasikia baba anasema, "Hakiumi, acheni." Akapiga simu. Ikaita ikakatika. Akapiga tena. Akapiga tena.

"Unasemaje?" Sauti ya Hedwiga ilikuwa kavu kama mkaa. "Limbwata limekukolea?"

"Hedi, nimekanyaga msumari."

"Si ung'oe? Wewe si fundi?"

"Sikusikia, Hedi. Umeingia wote, sikusikia."

Kisha, kwa sauti nyingine kabisa: "Uko wapi?"

Alifika mbio, aproni bado kiunoni, mwiko mkononi, amesahau kuuacha. Alimpakia kwenye pikipiki, akakaa nyuma yake akimshika. Kwenye benchi la zahanati, huku wakisubiri, Elinaza alisema yote: sukari, koliflawa, beseni, mguu wa baba, mgongo wa mama. Aliyasema akitazama sakafu.

Nesi alisafisha jeraha, akamchoma sindano, akasema ni bahati amewahi, arudi kila siku lioshwe. Hedwiga alisikiliza kila neno. Walipotoka nje, alisema jambo moja tu.

"Kwa hiyo wali wangu wote ule ulikuwa sumu kwako."

"Hedi..."

Hedwiga alipanda pikipiki, akaenda zake.

Ndugu msomaji, kuna kimya cha bweni taa zikizimwa, na kuna kimya cha simu ya mtu uliyemwambia ukweli. Hiki cha pili hakina kengele ya kuamkia. Siku mbili Elinaza aliishi ndani yake. Amekimbia, alijiambia. Nilitaka akimbie. Mbona siwezi kupumua?

Jumamosi ujumbe ukaingia: *Njoo kibandani saa saba. Ule.*

Alikwenda akichechemea, kwa viatu vya wazi na bendeji. Kibanda kilijaa. Gereji yote ilikuwa pale, Mzee Stanley katikati na mfupa wake. Hedwiga alivaa lile gauni la njano la siku ya soko. Hakutabasamu. Aliweka sahani mbele yake na kijiko juu.

Ilikuwa pilau. Rangi ya udongo wa Meru, mvuke wa iliki, karafuu na bizari, mchuzi umemwagwa juu mpaka pembeni.

"Kula," alisema.

Vijiko vyote vilisimama. Elinaza alielewa, au alidhani ameelewa: Hedwiga hakumwamini. Anataka kumjaribu. Akila, atajiua kijiko kwa kijiko akimdanganya, mpaka siku ya kubebwa. Asipokula, amemkataa mbele ya kadamnasi. Alishika kijiko. Akamwona Mzee Stanley anavyomtazama, akaona wote wanavyotazama ovaroli ilivyolegea, akasimama.

"Hedwiga, siwezi kula." "Mnaonong'ona, sikieni. Nina sukari. Baba alikuwa nayo, ikamkata mguu. Sili wali, hata wa mwanamke ninayempenda kuliko watu wote Arusha hii. Hasa wake. Nimeogopa kusema, na bado naogopa. Lakini kukudanganya tena, Hedi, siwezi."

Mzee Stanley aliuweka mfupa wake chini.

Kidevu kikaanza kumcheza Hedwiga, na haikujulikana kama ni kilio au kicheko.

"Kaa chini, mshamba wewe. Hiyo ni koliflawa."

"Nini?"

"Koliflawa! Mbili nimeziharibu, zikawa uji. Nalepo kanicheka mpaka kaniita Mama wa Njiro. Miezi yote unakula kitu hiki, na leo huitambui?"

Mwoga hana pua, wahenga wangesema kama wangefikiria. Elinaza aliinama, akanusa. Chini ya karafuu, kwa mbali, ilikuwepo: harufu ya kabichi aliyowahi kuisalimia.

"Nilikasirika," alisema Hedwiga kwa sauti ya chini. "Siyo kwa sababu unaumwa. Ni kwa sababu mlinzi aliujua upishi wangu, na mimi sikumjua mgonjwa wangu." Alichukua kijiko mkononi mwake, akachota, akala kijiko cha kwanza yeye, wote wakimwona, kama anayekaribisha mbege, pombe ya kwao Rombo. Akakunja uso. "Yesu na Maria! Kumbe ulikuwa unakonda kwa haki!"

Kibanda kikalipuka. Mzee Stanley alisukuma kikombe chake cha maji mbele ya Elinaza, akasema, "Kunywa, kijana," bila kumtazama usoni.

Elinaza alikula sahani yote.

Jioni, Kimandolu, kabla jua halijaachia kilele cha mlima, Hedwiga aliketi kwenye kigoda, miguu ya Elinaza mapajani pake juu ya taulo. Getini Lerionka alikuwa na hotpoti, la kwake rasmi sasa.

"Sitaki unibebe, Hedi. Nilimwona mama."

"Nani kasema nitakubeba? Una kilo ngapi wewe? Nitakukagua. Kila siku, kama matroni anavyokagua vitanda. Na utanioa kanisani, ukitembea mwenyewe. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya, fumba macho." Aligusa kidole gumba. "Unasikia hiki?"

"Nasikia."

"Na hiki?"

"Nasikia."

Aliendelea, mguu wa kulia wote, kisha wa kushoto, polepole, akikikwepa kilichofungwa bendeji, mpaka akafika kilicho jirani nacho. Alikibana. Akakibana zaidi.

"Sema kweli, Elinaza."

Nje, kijiko cha Lerionka kiligonga ukuta wa hotpoti.

"Hicho sikisikii."

Hedwiga alikifumbata kidole kile kwenye kiganja, akakishikilia, baridi kilivyokuwa.

"Basi," alisema, "hicho nitakisikia mimi."