Jezi Isiyoguswa na Maji

Hadithi za namna hii kwa kawaida humpata jirani wa binamu ya mtu fulani. Hii si ya jirani. Ni ya mdogo wangu wa tumbo moja, kipa, ambaye mashabiki walimwita Komeo.

Siku ilianza vizuri tu. Jumapili, jua linawaka, mimi na mama tuko uani na mabeseni yetu, povu mpaka kwenye viwiko. Komeo akaleta soksi, bukta na taulo lake la mazoezi. Jezi hakuleta.

"Iko wapi?" nikamuuliza.

"Haifuliwi, dada. Kamati imesema."

Timu yake ilikuwa ligi daraja la pili, na huko wote wanaumwa ugonjwa mmoja: kupanda. Timu mbili za juu hupanda moja kwa moja. Ya tatu hucheza mchujo na timu inayochechemea mkiani mwa ligi kuu, na ikishinda huchukua nafasi yake. Yetu ilikuwa ikiishia njiani miaka nenda miaka rudi. Ndipo kamati ya ufundi, yaani watu wazima na vitambi vyao wanaoshughulikia ndumba na kujiita mafundi, ikaipeleka jezi ya kipa kwa mganga. Ikarudi na masharti: asiivae mwingine, wala isiguswe na maji mpaka timu ipande daraja.

Mwanzoni tulicheka. Mama alimwambia kwa harufu ile atazeeka bila mchumba. Lakini mabao yakawa kweli hayaingii, na jezi ikaanza kuoza. Sina neno jingine. Ilinuka maziwa yaliyochacha, halafu panya aliyefia darini. Makwapani ikaota utelezi. Inzi walimfuata mpaka mezani, na mimi nikawa nakula nimempa mgongo mdogo wangu mwenyewe.

Msimu ukaisha wakiwa wa tatu. Kwenye mchujo wakafungwa.

Nilimngoja mlangoni na beseni. "Vua. Msimu umekwisha."

"Hatujapanda, dada."

"Basi vua ukaoge tu."

Alinitazama kama mtoto aliyevunja sahani. Akanong'ona, "Haitoki."

Mama akaleta mkasi. Akashika pindo la kiunoni, akakata kidogo. Komeo akapiga yowe. Damu ikatoka. Haikutoka kwenye ngozi. Ilitoka kwenye kitambaa. Nikakigusa. Kilikuwa na joto la mtu mwenye homa.

Mwenyekiti wa kamati, muuza mabati, akaja na kreti ya soda. Akakalia kiti cha marehemu baba, akachokoa meno, akacheua. "Mama, vumilia msimu mmoja tu. Kijana anaupigania mji mzima." Aliyasema hayo amejiziba pua kwa leso. Yeye! Harufu aliyotuletea nyumbani kwa mkono wake ilikuwa inamshinda kwa dakika chache, sisi tuliolala nayo chumba cha pili. Alipoondoka nilimwaga soda zake zote mtaroni, chupa baada ya chupa, na bado moyo haukutulia.

Msimu wa pili Komeo alikuwa haongei. Alikonda, jezi ikanenepa. Timu ikawa ya tatu tena. Safari hii mchujo uliishia kwenye penalti, nami nilikuwa nimesimama nyuma ya goli. Kabla ya ile ya mwisho, alinigeukia.

"Dada, nikidaka itatoka?"

"Itatoka, mdogo wangu. Nitaifua mwenyewe."

Akadaka.

Watu wakafurika uwanjani. Wakambeba juu juu. Niliiona jezi ikipita juu ya vichwa vyao, ikayumba, ikazama. Nikasukuma. Nikaita. Umati ulipotawanyika, pale kwenye nyasi palikuwa na glovu zake. Nikaokota moja. Ilikuwa na kitu ndani. Nikaikung'uta kiganjani. Kucha. Zote za mkono mmoja, kavu.

Mwenyekiti alikuwa bado yuko mabegani mwa watu, anaimba.

Polisi walitafuta. Kamati ikasema huenda kijana katoroka na wakala, wanasoka wa siku hizi hawana shukrani. Wakasajili kipa mwingine wa kwenda naye ligi kuu. Nawachukia mpaka leo, na sauti zao nikizisikia redioni siku za mechi huizima.

Asubuhi iliyofuata mechi ile, mama alitoka uani, akaganda. Jezi ilikuwa kwenye kamba. Imebanwa vibanio, inachuruzika maji. Safi. Inanukia sabuni. Mabeseni yetu yalikuwa makavu, yameegemezwa ukutani kama tulivyoyaacha.

Nikaigeuza ndani nje. Kwenye bega la kushoto palikuwa na baka la kahawia, lile alilozaliwa nalo Komeo, ambalo mama alikuwa akilibusu kila akimwogesha. Nikalisugua. Halikutoka.

"Acha," mama akanong'ona. "Unamuumiza."

Kamati ilikuja kuiomba ikatundikwe ofisini kwao. Mama akawatimua kwa ufagio. Sasa iko kabatini kwake, imekunjwa ndani ya shuka. Kwenye ukosi wake, chini kidogo ya pale ilipokuwa shingo, zimeanza kuota ndevu.

Mama huzinyoa kila Jumapili. Polepole, kwa wembe mpya, asimkate.