Turbo ya Matano na Barua ya Sikuzani

"Andika gasketi mbili," Matano alisema. "Moja ya kufunga, moja ya akiba."

"Mbili za nini? Unategemea kuharibu?"

"Nategemea maduka yetu haya, mke wangu. Hii ikiungua, nyingine nitaipata lini?"

Sikuzani akacheka, akaandika gasketi mbili. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwaka 1982, nyumbani kwao Kisarawe, na daftari lilikuwa katikati ya meza, kati ya vikombe viwili vya chai isiyo na sukari. Mwandiko wa Matano hausomeki, kwa hiyo kila lilipokuja jambo la kuandika, kalamu ilikuwa ya mkewe.

Matano alikuwa fundi wa injini za dizeli katika kiwanda cha kuunganisha malori Kibaha. Sikuzani alikuwa mkunga hospitali ya Kisarawe. Walikuwa na miaka miwili ya ndoa. Kila siku ya kazi Matano aliondoka alfajiri na Peugeot 504 ya dizeli, akateremka milima ya Pugu, akapita Dar es Salaam, akafika Kibaha. Kurudi ndiko kulikuwa na shughuli. Gari likifika mlimani lilikosa nguvu na maji yakachemka. Ilimbidi aegeshe pembeni asubiri lipoe, akifika nyumbani mkewe ameshasinzia kwenye kiti.

"Hebu nieleze tena hii turbo," Sikuzani alisema. "Inafanya nini hasa?"

"Ule moshi unaotoka kwenye eksozi una nguvu, sisi tunautupa bure. Turbo inaudaka, unazungusha feni. Feni ya upande wa pili inasukuma hewa ndani ya injini. Hewa ikizidi, dizeli inaungua vizuri zaidi, injini inapata nguvu."

"Na injini itavumilia? Maana ni kuukuu."

"Ndiyo maana sianzi na turbo. Naanza na ringi na beringi. Halafu rejeta, maana joto litaongezeka. Halafu klachi, hii ya sasa haitaweza ile nguvu. Na hili ndilo gari la kwendea kazini, halifai kulala gereji miezi mitatu. Kila kitu kiwepo kwanza, ndipo nifungue."

Sikuzani alijumlisha, akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu.

"Elfu kumi na mbili, mia saba na hamsini."

"Benki tuna elfu kumi na nne na kidogo. Zinatosha."

"Lakini Matano, zile ni pesa za msingi wa nyumba ya Sofu."

Matano akashusha kikombe. Kiwanja cha Sofu alikinunua kabla hawajaoana, dakika kumi kwa miguu kutoka kiwandani.

"Nyumba ya Sofu atakaa nani, Siku? Mwaka wa pili huu tunasubiri uhamisho wako wa kwenda Kibaha. Wakubwa zako kimya. Mimi sikulaumu, kazi ya serikali ndivyo ilivyo. Ila kama wewe ni wa huku, basi na mimi nitakuwa narudi huku, na gari lazima liuweze mlima."

Sikuzani aliangalia daftari.

"Subiri kidogo basi."

"Nisubiri nini?"

"Basi tu. Usinunue leo."

"Mnada ni Jumatatu. Lile gari la balozi lililogongwa lina injini ya ukoo mmoja na yangu, ila lake limetoka kiwandani na turbo. Nikiikosa hiyo sipati nyingine nchi nzima."

Mkewe alifunga daftari, akaondoa vikombe.

Jumatatu Matano aliipata turbo yake, pamoja na manifoldi ya kuifungia kwenye injini na bomba lake la oili, na risiti yenye muhuri. Aliipeleka Sofu kwenye gereji ya rafiki yake Ponsiano, fundi wa Kipogoro mwenye maneno machache.

Ponsiano aliizungusha feni kwa kidole, akasikiliza.

"Nzima hii. Utaisukuma kiasi gani?"

"Mpaka mwisho."

"Una haraka ya kwenda wapi?"

"Kwa mke wangu."

Ponsiano akatikisa kichwa. "Ukienda mpaka mwisho, miezi mitatu haitapita, utakuja hapa na pistoni iliyotoboka. Gari la kila siku linapewa pumzi ya kiasi, hewa kidogo tu. Fikiria vizuri."

Wakakubaliana kuifungua injini wiki mbili mbele.

Alhamisi ya wiki hiyo Matano alitoka kazini mapema, akapitia hospitali kumchukua mkewe. Sikuzani alikuwa hajarudi kutoka kliniki ya Maneromango, ambako timu ya hospitali ilikwenda kila wiki kupima wajawazito na watoto. Nje ya wodi ya wazazi alimkuta Sista Marselina, muuguzi mkuu wa wodi.

"Shikamoo Sista."

"Marahaba, shemeji. Mwenzio bado, barabara ya kule unaijua. Kaa hapo kwenye benchi." Akakunja shuka alizokuwa ameshika. "Ile nafasi ya Kibaha nasikia wamempa binti mmoja wa Bagamoyo. Mimi nilisikitika, lakini nikasema labda mmekubaliana wenyewe."

"Nafasi ipi, Sista?"

Marselina akaacha kukunja. Uso ulimbadilika kama mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake.

"Ya uhamisho. Barua ilikuja mwezi wa pili. Sikuzani akajibu kwamba anaomba abaki. Shemeji, mimi nilidhani unajua."

"Najua sasa," Matano alisema. "Ahsante, Sista."

Alikaa kwenye benchi mpaka Landrova ya hospitali ilipoingia. Sikuzani aliteremka na vumbi jekundu kichwani, akamwona mumewe, akafurahi.

"Leo umeniwahi!"

"Twende nyumbani."

Walipofika, Matano alikaa mezani, akamsubiri anawe uso.

"Barua ya mwezi wa pili iko wapi?"

Sikuzani alisimama na kanga ya kujifutia mkononi. Hakuuliza barua gani. Aliingia chumbani, akatoka nayo.

"Kwa nini?" Matano aliuliza baada ya kuisoma.

"Kwa sababu ya Maneromango. Nina wakunga wa jadi kumi na wanne nawafundisha kule. Mwaka juzi, kabla sijaanza kwenda, walikufa wazazi watano katika vile vijiji. Mwaka jana mmoja. Nikiondoka katikati, wataachwa. Nafasi ya kliniki hiyo hakuna anayeitaka, ni vumbi tupu."

"Sikuulizi kwa nini umebaki. Nakuuliza kwa nini hukuniambia."

"Niliogopa utasema twende."

"Labda ningesema. Labda nisingesema. Hukunipa hata nafasi ya kukosea." Sauti yake ilikuwa ileile ya siku zote, na hilo ndilo lililomtisha mkewe. "Siku, umekaa hapa na mimi, umeniandikia gasketi, umenijumlishia. Nimekwambia wakubwa zako kimya, ukaangalia daftari. Nimetoa pesa ya nyumba kwa sababu ya jambo ambalo halikuwa kweli."

"Nilikwambia usinunue."

"Hukuniambia kwa nini."

Sikuzani aliikunja barua, akairudisha chumbani. Asubuhi Matano aliweka nguo chache kwenye begi.

"Injini naifungua wiki hii. Nitalala kwa Ponsiano mpaka iishe."

"Utarudi lini?"

"Sijui."

Siku tano zilipita. Siku ya sita Sikuzani alikwenda ofisi ya hospitali, akaomba kupiga simu kiwandani. Alisubiri saa nzima ndipo ikaunganishwa.

"Haloo? Matano?"

"Ndiye."

"Hujambo?"

"Sijambo. Kuna mgonjwa?"

"Hakuna. Nilitaka kusikia sauti yako."

Simu ikakoroma. Matano alijua opereta anasikiliza, na karani wa ofisi ya Kisarawe anasikiliza, na mkewe analijua hilo.

"Nimekosa, Matano," Sikuzani aliendelea. "Kubaki sikukosa. Kukuficha ndiyo nimekosa. Nataka kuja kukuambia mbele yako."

Matano akajibu, "Jumamosi nipo gereji."

Jumamosi alipanda basi mpaka mjini, akapanda jingine mpaka Kibaha, akatembea hadi Sofu. Ponsiano alipomwona aliacha spana, akasema anakwenda dukani kutafuta sabuni, akatokomea. Injini ya 504 ilikuwa juu ya meza ya mbao, imefunguliwa yote. Matano alikuwa anasafisha pistoni kwa kitambaa.

"Umekula?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Bado."

Akamsogezea sahani ya mihogo. Sikuzani alikula kipande kimoja, akaweka kingine chini.

"Nisamehe. Nilikaa na ile barua wiki tatu nikitafuta siku nzuri ya kukuonyesha. Nikajibu kwanza, nikasema nitakuambia kesho. Kila siku ikawa kesho. Ulipoleta daftari la turbo nikaona nimechelewa sana, nikaogopa zaidi. Sina sababu nyingine ya kujitetea."

Matano aliendelea kusafisha. Mkono wake ulipunguza mwendo.

"Iliniuma sana," alisema. "Usiku nafikiria, huyu mwanamke kumbe hapendi kuishi na mimi."

"Wee Matano! Mimi ninayesinzia kwenye kiti kukusubiri?"

Matano alitabasamu kidogo, akaficha uso kwa kukohoa.

"Alhamisi njoo nami Maneromango," Sikuzani alisema. "Omba ruhusa ya siku moja. Uone kitu nilichokuchagulia bila kukuuliza. Ukisharudi, uamuzi wowote tutaufanya wawili."

Matano alikwenda. Landrova iliyumba kwenye mashimo tangu asubuhi, na mara mbili Matano aliteremka kusukuma. Kliniki ilikuwa kwenye jengo la kuazima karibu na misheni, na foleni ya akina mama ilikuwa ndefu. Matano alikaa upande na wakunga wa jadi waliokuja kwa mafunzo. Bibi Mwanne, mkubwa wao, alimkagua toka kichwani hadi viatu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwenye Sikuzani?"

"Ndiye mimi."

"Tuliambiwa unataka kumchukua."

"Nani amesema?"

"Watu wanasema tu. Mimi nimezalisha miaka thelathini, sijui damu ikizidi nifanye nini zaidi ya kuomba Mungu. Mkeo ndiye amenionyesha. Juzi binti wa jirani alitaka kufa mkononi mwangu. Nilimpa ile dawa aliyotuachia, nikamkandamiza tumbo kama alivyotufundisha, nikatuma baiskeli Kisarawe. Yule pale, anapimisha mtoto wake." Akanyoosha kidole. "Mchukue, ni mkeo. Ila utuachie mpaka tuhitimu."

"Mnahitimu lini?"

"Muulize mwenyewe. Anatuchelewesha, eti hatujui kunawa mikono."

Matano alicheka kwa sauti mpaka Sikuzani akageuka kutoka kwenye mizani kumwangalia.

Jioni, nyumbani Kisarawe, Matano aliomba daftari.

"Wakunga wako watamaliza lini? Sema kweli."

"Mwaka mmoja na nusu. Nikishawakabidhi vyeti, nitaandika mwenyewe kuomba Kibaha. Barua utaisoma kabla sijaituma."

"Mwaka mmoja na nusu." Matano alifikiri. "Basi hesabu yetu ilikuwa mbovu. Nilipanga injini ya kupanda Pugu maisha yangu yote. Andika upya."

Sikuzani alifungua ukurasa mpya.

"Turbo tayari, imeshanunuliwa, hiyo hatuna la kuifanya. Ringi na beringi zibaki, gasketi zibaki. Rejeta ibaki. Pumzi tutaiweka ndogo, kama alivyosema Ponsiano, kwa hiyo klachi ya zamani itavumilia. Futa klachi. Nozeli tutazisafisha, hatununui. Futa. Eksozi nitachomelea mwenyewe kwa mabomba ya chakavu."

"Jumla imeshuka hadi elfu tisa na mia sita."

"Na inayobaki benki?"

"Elfu nne na mia sita."

"Hiyo ni mawe na saruji, kama saruji ikipatikana. Msingi tu, siyo nyumba. Uchimbwe polepole mpaka wewe uje."

Sikuzani aliweka kalamu chini, akafunika uso kwa viganja. Matano alimwacha alie kidogo, kisha akasogeza kiti.

"Sasa unalia nini? Hesabu haijatoka sawa?"

"Imetoka."

"Basi lete chakula. Landrova yenu imenivunja kiuno."

Injini ilifungwa baada ya wiki tatu. Ponsiano alikaza boliti ya mwisho, akaiacha ikinguruma robo saa, akashika bomba la oili, akatazama geji ya joto, akasema neno moja tu: "Nenda."

Jumatatu iliyofuata Matano alitoka kazini saa tisa na nusu. Alipofika Pugu alibadili gia, akakanyaga mafuta, na akasikia mluzi mwembamba chini ya boneti. Gari likavuta. Lori lililokuwa mbele lililegea, naye akalipita, sindano ya joto imetulia katikati. Kwenye sehemu aliyozoea kuegesha na debe la maji, alipita akiimba peke yake kama mwehu.

Saa kumi na moja na nusu alikuwa mlangoni. Jua lilikuwa bado juu ya paa za jirani.

"Siku! Siku, toka uone!"

Nyumba ilikuwa imefungwa. Mama mwenye nyumba alichungulia dirishani.

"Mkeo kaitwa hospitali. Kuna mama wa mapacha."

Matano alisimama barazani na funguo mkononi, akaanza kucheka. Wiki na wiki, na mnada, na ringi, na kugombana kote kule, ili awahi nyumbani. Na leo amewahi, mke mwenyewe hayupo. Akavua shati la kazi, akawasha jiko la mkaa. Ugali aliusonga mgumu kupita kiasi. Mchicha aliutia chumvi mara mbili kwa kusahau. Akafunika vyote kwa kawa, akakaa kwenye kiti cha mkewe.

Sikuzani aliingia saa mbili usiku, amechoka, viatu mkononi. Alisimama mlangoni. Mumewe alikuwa amesinzia, kidevu kifuani.

"Matano."

Akashtuka. "Eeh? Umerudi? Mapacha vipi?"

"Wazima wote, na mama yao. Wewe umefika saa ngapi?"

"Zamani mno," alisema akijinyoosha. "Kaa ule, mkunga. Ila tangulia kunywa maji, mchicha wangu una chumvi."

Sikuzani alifunua kawa, akakata tonge, akachovya, akatafuna. Alikunja uso. Kisha akakata jingine.

"Mtamu," alisema, na wote wawili wakacheka, wakala mpaka sahani ikaisha.