Jina Lililopelekwa Kilimani Lilikuwa Langu

Nina miaka thelathini na mmoja, sina mume wala mtoto, na naishi peke yangu katika chumba kimoja hapa mtaa wa Satellite. Nimesita sana kabla ya kuwaandikia... Lakini kila nikiwaona wasichana wakishuka ngazi za vyuo vya mjini, faili kifuani, wakicheka, roho inaniuma. Nilikuwa mmoja wao!

Wakati huo nilikuwa nauza vitambaa katika duka la jumla kule Ngara. Kazi haikuwa mbaya. Mwenye duka alikuwa ameanza kuniachia funguo. Nilikuwa na mchumba pia, Kyalo, seremala wa kwetu Kitui, mtu mpole asiye na maneno mengi. Wazazi wetu walikuwa wameshaonana.

Chumbani kwangu nilikaa na Shiru, rafiki yangu tangu shule ya upili. Tulipika sufuria moja na kuazimana nguo. Ni yeye aliyeleta habari za chuo kimoja cha mjini kilichofundisha networking, yaani kuunganisha kompyuta za ofisi nzima ziwe zinawasiliana. Siku hizo saiba, vile vibanda vya kulipia intaneti, zilikuwa zinafunguliwa kila kona, na watu walisema ukiwa na cheti hicho waajiri watakugombania.

"Mwende, ni miezi tu," Shiru aliniambia. "Ukimaliza unakaa ofisi nzuri kule mtaa wa Kilimani. Utabeba hayo majora ya vitambaa hadi lini?"

Nilipiga hesabu usiku na mchana. Karo ilikuwa akiba yangu yote. Masomo yalikuwa ya mchana, kwa hivyo ilibidi niache kazi. Na harusi je? Ingengoja.

Nilipomweleza Kyalo, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Na hiyo kazi umeahidiwa na nani?"

Nilikasirika! Nilimwambia hataki mke aliyesoma. Aliondoka bila kumaliza chai yake, na hakurudi tena.

Nililia... lakini darasani niliingia. Na niseme ukweli, nilipenda masomo yale. Kupanga zile nyaya nyembamba za rangi, kuzibana, kisha kuona taa ya kijani ikiwaka! Shiru alitatizika sana. Kila jioni tulikaa kitandani nikimfundisha upya, hadi akashika.

Kabla ya mtihani pesa ziliniishia, nikauza simu yangu. Shiru akaniambia niandike nambari yake kwenye fomu za chuo. "Mimi na wewe kuna tofauti gani?" alisema. Nikaiandika.

Nilifaulu kuliko darasa zima. Mwalimu wetu aliniita kando, akaniambia kampuni moja ya Kilimani inatafuta mtu mmoja, na jina alilopeleka ni langu. Wangenipigia. Shiru alinikumbatia hadi nikakosa pumzi!

Nikangoja. Kila jioni nilimuuliza kama wamepiga.

"Bado, Mwende. Watu wa ofisi huchelewa."

Simu iliyokuja ilikuwa ya mama. Kyalo ameoa... Nilimrudishia Shiru simu yake nikalala kifudifudi. Alinipapasa mgongo.

Muda si mrefu akaniambia amepata kazi katika duka la mjomba wake huko Rongai, na atahamia huko. Nilimsaidia kufunga mizigo. Nilimsindikiza hadi stendi!

Chumba kikawa kikubwa ghafla. Kwa mazoea nilikuwa nasonga ugali wa watu wawili, nusu namwaga. Ngara walikuwa wameshamwajiri mwingine. Nikaanza kufulia watu nguo. Kanisani niliacha kwenda, maana kila mtu angeniuliza harusi ni lini.

Mwishowe nikaamua kwenda Kilimani mwenyewe. Nilipotaja jina langu, mkubwa wa ofisi, mzee mpole, alinitazama kwa mshangao.

"Mwende? Si uliolewa wewe? Tulipopiga simu tuliambiwa umeolewa, umerudi Kitui kabisa. Aliyepokea alisema mlisoma pamoja, ndipo tukamchukua yeye."

Nimeolewa! Mimi!

Nilipogeuka nilimwona. Alikuwa juu ya ngazi, akipitisha waya darini. Shiru wangu! Aliteremka polepole, akanishika mkono, tukatoka nje hadi langoni.

"Tafadhali usipige kelele hapa," alisema. Kisha akainamisha uso. "Wewe ukifundishwa mara moja unashika. Ungepata kwingine. Mimi ningepata wapi, Mwende?"

Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka pia aniombe msamaha, nimkumbatie, turudi nyumbani... Hakuomba. Alirudi ndani, mlinzi akafunga lango.

Leo natunza kompyuta za saiba moja ya Kawangware. Mkiniuliza kama cheti kilinilipa, nitasema kinanilisha. Lakini mshahara wangu haujapita sana ule niliouacha dukani. Shiru nilimwona mara moja mjini. Alivuka barabara.

Dada zangu, someni! Sisemi msisome. Lakini kabla ya kuacha kazi uliyo nayo, nenda kwenye ofisi zenyewe ukaulize wanaajiri nani. Tafuta masomo ya jioni. Na karo si gharama yote. Jiulize ni nani unayemwacha nyuma, na ni nani unayemkabidhi maisha yako. Mimi niliwaza pesa tu, nikadhani watu watakuwepo siku zote.

Nawasihi, msipite nilikopita. Nimefika mwisho wa njia hiyo, na sikukuta mtu akiningoja.