Visanduku Viwili kwenye Kitambaa

Kila jioni, akishamaliza kuchota maji, Ikirezi aliketi karibu na mama yake, Mukarukundo, kumshikia nyuzi. Mama alitarizi vitambaa vya meza, na pale Kabazana, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, watu walivisifu sana. Safari hii alikuwa na kazi ya heshima. Mwalimu Yunhi, Mkorea aliyewafundisha akina mama ushonaji, alikuwa anarudi kwao. Kanisa lingemuaga Jumapili kwa kitambaa chenye jina lake, tena kwa herufi za kwao.

Mwalimu Inès, msaidizi wa Yunhi, aliliandika jina hilo kwenye kompyuta na kulitia katika fleshi. Mama na Ikirezi wakaenda nalo mjini Mbarara ili lichapwe kwa ukubwa, liwe kielelezo cha kutarizia. Mama alipokuwa akichagua nyuzi duka la jirani, Ikirezi aliingia peke yake kwa Jamirah, mwenye kazi ya kuchapa. Jamirah alifungua fleshi, akakunja uso. Kwenye skrini kulikuwa na visanduku viwili vitupu.

“Kadogo, hii ndiyo yenyewe? Mimi naona kama haiko sawa.”

Ikirezi hakujua. Lakini shuleni alikuwa amejigamba kwamba anajua Kikorea, eti kwa sababu ya filamu. Aliona haya kusema hajui.

“Iko sawa, anti. Kikorea kiko vile.”

Basi Jamirah akavichapa, na nyumbani mama akaanza kutarizi visanduku, kwa uzi mwekundu, kwa subira yake yote. “Kumbe maandishi yao si ya taabu,” alicheka. Ikirezi alicheka pia, ila kidogo.

Siku mbili baadaye alitumwa darasani kwa Yunhi kuchukua mkasi wa mama. Mkoba wa mwalimu ulikuwa mezani, umeandikwa kitu pembeni.

“Ni jina langu,” Yunhi alimwambia. Palikuwa na kiduara, chini yake mstari wenye miguu miwili, kisha kona. Hapakuwa na kisanduku hata kimoja.

Akilini Ikirezi alimwona mama yake akisimama mbele ya kanisa zima na kitambaa cha visanduku. Alirudi nyumbani mbio na mkasi mkononi, na mlangoni machozi yakamtoka.

“Mama, nilikudanganya. Kikorea sikijui. Anti Jamirah aliniuliza, nikasema iko sawa.”

Mama hakugomba. Alichukua mkasi na kuanza kufumua uzi mwekundu.

Kesho yake walirudi Mbarara. Jamirah aliwasikiliza, akapakua mtandaoni michoro ya herufi za Kikorea, akaiweka kwenye kompyuta yake, kisha akaifungua fleshi ileile. Jina likatokea, na kiduara chake.

“Lilikuwa humo siku zote?” mama aliuliza.

“Humo humo, nyabo. Fleshi haikuweka michoro ya jina, iliweka namba. Wakorea wanakusanya herufi kama tatu, wanafanya fungu moja. ‘Yun’ ni fungu, iko na namba yake. ‘Hi’ ni fungu, iko na yake. Mashine yangu ilisoma namba, lakini michoro yake haikuwa nayo. Ndiyo maana iliweka kisanduku, kusema hapa kuna kitu sijui kukionyesha.”

Mama alitarizi upya, Ikirezi akimshikia nyuzi bila kuchoka. Jumapili, Yunhi alipolisoma jina lake, alikikumbatia kitambaa na kulia.

“Ikirezi, nasikia unajua Kikorea,” alisema baadaye.

Wenzake wa shule walikuwa wamesimama palepale, wakisikiliza.

“Hapana, mwalimu. Sijui. Ila nataka kujifunza.”

Yunhi alichukua kalamu, akaanza kumchorea kiduara cha kwanza. Walipokuwa wakirudi nyumbani, mama alimshika mkono.

“Ile mashine haikujua, ikaacha fasi wazi ili mtu aulize. Weye hukujua, ukaijaza uongo. Leo umeiacha wazi, mwanangu, na umeona nani amekuja kuijaza.”