Sahani ya Dirisha la Jikoni

Mwokaji alioka mikate alfajiri, akaitoa ingali ya moto. Ndiyo kazi yake tangu usichana. Kisha akavuka ua kwenda kwa jirani yake, mfinyanzi, aliyemwachia tanuri lake la umeme alipokwenda kumuuguza dada yake.

Binti wa mwokaji ameolewa, na kesho kutwa anahamia mbali kwa mumewe. Kioo cha dirisha la jikoni kilikuwa kimevunjika. Mama akaamua kukiyeyusha kiwe sahani ya pambo, binti aondoke nayo. Ya kwanza ilipasuka. Sasa akainua mfuniko wa tanuri atazame ya pili.

Ka! Ufa ukapita katikati.

"Mama watoto, umeikodolea macho mno," alisema mume wa mwokaji, fundi madirisha, aliyesimama nyuma yake. "Hata mimi ningepasuka."

"Hebu nyamaza! Sioni cha kuchekesha."

Mchana mfinyanzi alirudi. Sahani ilipopoa, akaigeuzageuza.

"Hii buluu ni nini, shoga?"

"Ua la pambo. Nilivunja chupa, nikapanga vipande juu."

"Ala! Chupa na dirisha si kioo cha aina moja. Vyote huyeyuka, lakini vikipoa kila kimoja hunywea kivyake. Vinavutana mpaka vinapasuka. Na tanuri ulifungua lini?"

"Kilipoiva tu. Ningeacha kiungue?"

Mfinyanzi akashika kiuno. "Mkate huo? Hewa baridi ikikipiga kioo cha moto, juu kunapoa upesi na ndani bado moto. Lazima kipasuke."

Mwokaji akakaa chini, machozi yakamtoka. "Basi mwanangu ataondoka mikono mitupu. Kimebaki kipande kimoja tu."

"Kimoja kinatosha. Futa machozi, uvae miwani ya kazi."

Fundi madirisha akakata duara. Mabaki ya kioo hichohicho akayakata petali za ua. Wakaviosha vyote, wakavikausha. Kalibu, yaani chombo cha udongo chenye umbo la sahani, wakalipaka rojo nyeupe ya tanuri ili kioo kisigande. Lilipokauka wakaweka duara, na petali juu yake.

"Joto tunalipandisha polepole," mfinyanzi alieleza. "Kioo kikishikana, tunalishusha polepole vilevile. Halafu hakuna kufungua mpaka tanuri lote lipoe."

Jioni akachukua glavu za kushikia vitu vya moto, akazitia kwapani.

"Glavu unazipeleka wapi?" mwokaji akauliza.

"Nalala nazo. Nakujua wewe!"

Mwokaji alihangaika. Alifagia ua uliokwishafagiliwa. Mumewe akamletea unga akande, apate pa kuweka mikono.

Kesho yake tanuri lilikuwa baridi kabisa. Mfinyanzi akainua mfuniko. Sahani ilikuwa nzima, ua limeinuka kidogo juu yake. Binti akapitisha kidole kwenye petali. Ukingoni aliona ule ukijani aliouzoea.

"Mama, si kile kioo cha jikoni hiki?"

"Ndicho. Hapo ndipo nilipokuwa nakuchungulia ukitoka shule. Sikuwahi kugeuka mpaka nikuone."

Binti akamkumbatia, akalia. Kisha akacheka. "Na kwenye tanuri hukuchungulia?"

"Hata mara moja."

Mfinyanzi akakohoa.

"Haya, niliinama mara moja kwenye tundu la kuchungulia," mwokaji akasema. "Lakini mfuniko sikuugusa."