Mstari Mweupe wa Mashua

Alasiri ya Jumanne, tarehe 9 Machi 1976, mashua ya watalii ilirejea gatini ikiwa nzito kuliko ilivyoondoka. Abiria walikuwa wale wale wa asubuhi, na hakuna aliyeokota hata kijiwe huko magofuni, kwa maana nahodha hakuruhusu jambo hilo. Hata hivyo, ule mstari mweupe ambao marehemu baba yake aliuchora ubavuni mwa chombo, mstari ambao haukupata kuguswa na maji hata siku mashua ilipojaa watu tele, sasa ulikuwa umezama.

"Ni tumbo langu hilo, nahodha," alisema mpiga picha mmoja, mtu mnene mwenye mzaha. "Mlaumu mkeo na sahani zake."

Abiria wakacheka. Nahodha naye akacheka, ila macho yake hayakubanduka majini. Baba yake alizoea kumwambia kwamba mdomo wa mtu una milango miwili, lakini maji hayajui uongo.

Mji ule ulikuwa mtaa mmoja tu uliobanwa kati ya mto na jangwa, nao uliishi kwa wageni: asubuhi huwatembeza mtoni, mchana huwashusha kwenye magofu ya kale ng'ambo ya pili, jioni huwalaza. Nahodha alishughulika na mashua. Mkewe alisimamia nyumba yao ya wageni yenye vyumba vinne, iliyotazama gati. Mtoto wao wa pekee, binti wa miaka saba, aliitwa Tone kwa udogo wa umbo lake. Jioni ile, kama ilivyokuwa ada yake, Tone alikimbilia gatini akarukia ndani ya mashua ili amsaidie baba yake kukunja turubai. Alitoka humo akitembea polepole, kama mtu aliyejitwika ndoo iliyojaa pomoni.

Kesho yake, saa ile ya joto ambapo mji wote hufunga madirisha, mke wa nahodha alisikia kitu kikimiminika katika chumba cha nne, ambacho hakikuwa na mgeni. Ilikuwa sauti ya mchanga ukimwagwa kutoka guniani, pasipo kukoma. Alipofungua mlango, sauti ilikatika. Sakafu ilikuwa safi na shuka limenyooshwa. Harufu tu ndiyo iliyokuwamo, harufu ya jiwe lililofungiwa miaka mingi bila kuonja jua. Alhamisi sauti ile ilihamia ukutani mwa chumba cha Tone. Mtoto hakula tena, wala hakulalamika njaa. Kabla jua halijatua, kitanda chake kilivunjika miguu.

Ijumaa mchana mkewe alimwita nahodha kwa mnong'ono.

"Baba Tone, njoo umnyanyue mtoto nibadilishe shuka."

"Wewe umeshindwa? Mtoto mwenyewe unyoya!"

"Njoo, nimekwambia. Na usipaze sauti."

Nahodha akaja akitabasamu, akapitisha mikono chini ya makwapa ya binti yake, akavuta. Na alipoona havutiki akakaza miguu sakafuni, akavuta tena kama avutavyo nanga iliyonasa mwambani, hata mishipa ikamtutumka shingoni na jasho likamwingia machoni, na yule mtoto aliyekonda mpaka mbavu zikaonekana hakuinuka hata kiasi cha kupitisha ukucha, bali godoro ndilo lililozidi kudidimia, na ile harufu ya jiwe ikapanda kutoka nyweleni mwake, naye akafumbua macho.

"Baba," alisema kwa sauti yake ile ile nyororo, "si ulisema aliyebaki apande? Nimepanda."

Nahodha akamwachia. Maneno hayo aliyatamka magofuni siku ya Jumanne, na Tone hakuwako.

Jioni hiyo hiyo wakamwita shangazi yake nahodha, mganga mkongwe mwenye ulimi mkali, aliyesifika kwa mambo ya majini. Bibi huyo alinusa mlangoni pa chumba cha mtoto, asiingie, kisha akaketi ukumbini.

"Kasia la baba yako liko wapi?"

"Liko stoo, shangazi. Tangu nifunge injini, halina kazi."

"Halina kazi! Siku hizi injini ndiyo inayoita abiria?"

Nahodha aliinamisha kichwa. Kila mwendesha mashua wa mji ule alijua kwamba walioko magofuni hawaitwi kwa mdomo. Hugongwa kasia ubavuni mwa chombo, nao hurudi.

"Vumbi lilitanda ghafla," alisema. "Niliogopa wageni wa watu watapotea. Nikaita."

"Ukasemaje?"

"Aliyebaki na apande, tunaondoka."

"Lo! Mwanangu, huko hakukuwa kuita. Ulikaribisha." Shangazi alijifunika uso kwa ncha ya kanga, kisha akaendelea kwa sauti ya chini. "Mgeni aliyealikwa hafukuzwi kwa moshi wala kwa fimbo. Hurudishwa na aliyemwalika, peke yake. Kesho jua likiwa juu mpeleke, ashuke pale pale, aingie lango la magofu; humo ndimo watakamotengana. Kisha gonga kasia. Mtoto anaujua mlio wa kasia la babu yake, atakuja. Yule mwingine hataelewa. Ukiitwa usiitike, na mkiondoka usigeuke nyuma."

"Na asipokuja?" aliuliza mke wa nahodha.

Shangazi aliinuka akaenda stoo kulitafuta kasia. Na katika hofu ile hakuna aliyekumbuka kwamba mlango wa chumba cha mtoto ulikuwa wazi, na kwamba ndani yake palikuwa na macho mawili yasiyopepesa, yakisikiliza.

Jumamosi, tarehe 13, walimsukuma Tone hadi gatini juu ya mkokoteni wa mizigo ya wageni. Mashua ilizama mpaka maji yakalamba ukingo. Huko ng'ambo, mtoto alishuka mwenyewe; nyayo zake ziliacha mashimo mchangani kama za ng'ombe. Akapita kwenye lango lisilo na nyumba, akatoweka nyuma ya nguzo.

Nahodha akagonga kasia. Mlio wake ulikwenda ukarudi, ukaenda tena. Alipokuwa akikaribia kukata tamaa, Tone alitoka mbio akicheka, akarukia ndani, akaketi mbele.

"Twende nyumbani, baba. Nina njaa."

Machozi yalimtoka nahodha kwa neno lile njaa. Akawasha injini, wala hakugeuka. Walipofika katikati ya mto, kwa mazoea tu, alitupa jicho ubavuni. Mstari mweupe ulikuwa umeinuka juu ya maji kwa kiasi kile kile unachoinuka nahodha anapokuwa peke yake, kana kwamba aliyeketi mbele hana hata uzito wa mtoto.

Ndipo sauti nyembamba ikamjia kutoka nyuma, kutoka magofuni.

"Baba! Baba, umeniacha!"

"Usigeuke," alisema yule aliyeketi mbele, akitabasamu. "Shangazi alikataza."

Nahodha akautazama uso ule aliouosha kila asubuhi kwa miaka saba, wenye lile pengo la jino na kile kidoti cha shavuni, akatamani kuuamini kuliko alivyopata kutamani jambo lolote duniani, na injini ikawa inaunguruma, na gati la nyumbani likawa linakaribia, na sauti ya nyuma ikawa inafifia, naye akautazama tena mstari wa baba yake, ambao haukuwa na haja ya kumpendeza mtu. Kisha akaushika usukani kwa mikono miwili, akaigeuza mashua.

Tabasamu la yule wa mbele lilizimika. Mstari mweupe ukaanza kushuka.

Mashua haikurejea siku hiyo. Alfajiri ya Jumapili, mke wa nahodha na shangazi waliazima chombo cha jirani wakavuka. Tone alikuwa ameketi langoni pa magofu, midomo imekauka, amelikumbatia kasia, akiligonga jiweni taratibu. Shangazi alimnyanyua kwa mkono mmoja. Alikuwa mwepesi, mwenye joto, na harufu ya jasho la mtoto.

"Baba alinirushia kasia kabla hajafika ukingoni," Tone alinong'ona. "Akasema nigonge tu. Akasema nisimwite."

Mashua ilikuwa papo hapo, imefungwa kwa fundo la nahodha mwenyewe, tupu, kavu ndani kama siku ilipoundwa. Mstari mweupe ulikuwa chini kabisa ya maji.

Mke wa nahodha akasogea. Ndipo kutoka katika chombo kile kitupu ikasikika sauti aliyolala nayo na kuamka nayo, sauti ya mume aliyechoka na kazi.

"Mama Tone, upo hapo? Aliyebaki na apande, tunaondoka."

Akafumbua kinywa kuitika. Tone akachomoka mikononi mwa shangazi, akamrukia mama yake kifuani, akamziba mdomo kwa viganja vyote viwili.